Swichi Nyeusi kwa Kibodi Yote, ya Kijivu kwa F4

Hail, Maskati
Alhamisi, 26 Juni 2003

Mpendwa Shangazi Khole,

Kabla sijakuamkia nakuomba jambo moja. Yote yaliyomo humu yabaki kwako, neno kwa neno. Usimwambie Mama mtakapozungumza Ijumaa, wala Baba, wala Nawar, msafiri wetu aliyekuletea bahasha hii, ambaye anadhani ndani mna shukrani tu. Ukishaisoma, ichane. Najua si adabu mtoto kumpa mkubwa wake masharti hata salamu hajatoa, lakini nimeogopa kwamba nikianza na salamu utaisoma kwa sauti mezani, kama unavyofanya na barua za Baba.

Sasa shikamoo, Shangazi. Goti lako linaendeleaje? Tumesikia daktari amekukataza ngazi, na kwamba umemjibu ahamishe yeye karakana iwe chini. Ami Thani hajambo? Huko Bremen jua limetoka, au bado mnaliona kwenye kalenda tu?

Sisi hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Joto la mwaka huu limekuja na nia mbaya. Jana lilifika digrii arobaini na sita, na usukani wa gari la Baba haushikiki bila kitambaa. Jicho lake la kulia limepona vizuri, la kushoto litapasuliwa Septemba. Kwa hiyo siku hizi anasoma gazeti kwa jicho moja na kulilalamikia kwa mawili.

Nakushukuru kwa swichi nne za vitufe vya kibodi. Zilifika Ijumaa iliyopita ndani ya soksi ya mtoto, na Nawar alizimwaga kwenye sinia mbele ya wageni. Mama akauliza kama ni vifungo vya koti. Nikamwambia ni vitu vya kazini, na hapo sikusema uongo.

Nilipokupigia simu tarehe kumi na moja nilikuambia kwamba vitufe vya kibodi ya ofisini vinabonyea bila mimi kutaka. Ulinijibu papo hapo, kama fundi: “Usinihadithie, mwanangu, pima. Ntakuletea nne, uchague kwa kidole, si kwa macho.” Wewe umekaa miaka kumi na minane ukifungua na kufunga kibodi za mashine za madukani, na katika ukoo wetu sikumjua mwingine wa kumwuliza. Lakini sikukueleza sababu yote. Sikukuambia kwamba kwa kitufe kimoja kilichobonyea, nyumba kumi na nne zilikosa maji siku mbili, na sasa mtu asiyekuwa na kosa anakaribia kurudishwa kwao kwa ajili hiyo. Kitufe kilibonyezwa na mkono wangu, na mpaka leo hakuna anayejua ila mimi, na sasa wewe.

Nitaanza na vipimo, kwa sababu ndivyo ulivyoniagiza na kwa sababu ni rahisi kwangu.

Nilichukua mizani ndogo ya Mama ya kupimia udi, pamoja na mawe yake ya shaba, kuanzia gramu moja hadi hamsini. Kila swichi niliichomeka kwenye kifuniko cha boksi la viatu ili isimame wima, nikaivisha kofia yake ya plastiki inayobonyezwa, nikaunga miguu yake miwili ya chuma na betri na taa ya tochi. Kisha nikawa naweka mawe juu ya kofia, moja baada ya jingine, mpaka taa iwake. Taa ikiwaka, ujue kompyuta ingekwisha kuandika herufi.

Ya kahawia iliwaka kwa gramu hamsini na mbili. Ya buluu ilihitaji sitini, ikalia kama kijiti kinachovunjika. Nyeusi iliwaka kwa sitini na moja bila kusema kitu. Ya kijivu ilingoja mpaka themanini na mbili, na nilikuwa nimeanza kudhani imekufa.

Ya buluu niliiweka kando siku hiyohiyo. Mimi huchapa huku simu nimeibana begani, na mteja akisikia mlio ule atadhani namcheza shere. Ya kahawia ilinichukua siku mbili kuikataa, maana ndiyo inayopendeza kidoleni. Ina kifundo katikati ya safari; kidole kinakihisi, kinakiruka, na baada ya hapo uzito unapungua ghafla na kidole kinaanguka chenyewe hadi chini. Mtu wa haraka ataipenda. Mimi nikaona kwamba kidole kilichopumzika tu, kikikivuka kile kifundo kwa bahati mbaya, hakina tena pa kujizuia.

Nyeusi haina kifundo. Inashuka moja kwa moja, na kadiri unavyoibonyeza ndivyo springi inavyozidi kukukatalia. Hakuna mahali inapokuachia. Ukifika chini, umefika kwa sababu umetaka. Kijivu ni hivyohivyo, ila nzito zaidi. Niliibonyeza mara mia tatu mfululizo, na asubuhi yake sikuweza kufungua chupa ya achari.

Baada ya hapo nilipima vidole vyangu. Niliweka mkono juu ya mizani ya jikoni kama ninavyouweka juu ya kibodi, nikasoma gazeti la Baba. Mama akapita na bakuli la unga. “Unapima vidole? Unataka kuviuza?” Kidole cha shahada kilikaa kwenye gramu thelathini na tano, cha kati arobaini. Nikisoma jambo gumu vilipanda hadi hamsini. Ofisini, saa ya chakula, nilipima na kibodi yetu kwa mawe yaleyale. Vitufe vingi vilishuka kwa arobaini na nane. Kitufe cha F4, ndicho kile kilichobonyea, kilishuka kwa thelathini na tisa, kwa sababu kimechoka kuliko vyote.

Unajua kwa nini vidole vyangu hulala juu ya vitufe? Nilijifunzia taipureta ya Baba, ile nzito aliyotoka nayo Unguja. Alinifundisha kwamba karani hainui mikono wakati anasoma karatasi; mikono inatulia juu ya vitufe kama kuku juu ya mayai. Kwenye mashine ile ungeweza kulaza mikono yote miwili na usiandike hata nukta. Nilishinda mtihani wa kuchapa kwa mkao huo, na mwalimu aliniita mbele ya darasa ili wenzangu wauone. Kwa hiyo kilichoniponza si uzembe wa kujifunza. Nalitaja hili kwa sababu kwa wiki nzima nililishika kama kinga.

Sasa nikuambie yaliyotokea.

Ofisi yetu iko Azaiba, barabara kuu, baina ya duka la dawa na la fundi cherehani. Tunapeleka maji kwa magari kwenye nyumba ambazo bomba halijafika. Mwenye ofisi ni Khaloo Yaarub, ndugu yake Mama. Mimi napokea simu na kuingiza nyumba kwenye kompyuta, kila mtaa na orodha yake. Josphat, Mkenya, anapanga madereva. Madereva wakirudi jioni na risiti, Josphat hubonyeza F4, na mtaa mzima unaandikwa “imefika” na kutoka kwenye karatasi ya safari. F4 ni yake. Mimi sina kazi nayo. Lakini kompyuta ni moja, na tunaitumia sote.

Josphat huchapa kwa vidole viwili, kwa nguvu, mpaka kikombe cha chai kinatembea. Huwa ananicheka. “Dada Nasriya, wewe huchapi, wewe unapapasa paka.” Nikimwuliza yeye anafanya nini, hujibu, “Mimi natwanga. Kitufe kikiumia, kitaniambia.”

Jumatatu, tarehe tisa, asubuhi, nilikuwa nimefungua orodha ya Hail, nyumba kumi na nne. Akaingia Bibi Bakhita. Huenda unamkumbuka, alikuwa jirani yake marehemu bibi yangu, na sasa anakaa mitaa miwili nyuma yetu, peke yake na mbuzi wake. Huja mwenyewe kuagiza maji kwa sababu haamini kwamba simu inafikisha maneno.

Unajua kwetu mtu mzima haamkiwi umekaa. Nilisimama, au nilisimama nusu, maana kiti kilikuwa kimebanwa na kabati nyuma ya magoti yangu. Akaushika mkono wangu wa kulia na hakuuachia. “Hujambo, mwanangu? Baba hajambo? Jicho lake? Mama hajambo? Nyumbani kwema? Na khabari za tangu siku ile?” Kila swali lina jibu lake, na jibu halikatwi. Nikawa najibu alhamdulillahi, alhamdulillahi, nimeinama hivyohivyo, na uzito wangu wote uko kwenye mkono wa kushoto, juu ya meza. Nilichodhani ni meza kilikuwa pembe ya kibodi, upande wa F4.

Mashine ililia mlio mmoja mfupi. Nilidhani ni simu ya mtu. Nilipokaa, orodha ya Hail haikuwepo kwenye kioo. Nikajiambia nilikwisha kuihifadhi, nikafungua ya Seeb nikaendelea.

Saa sita karatasi ya safari ilichapwa bila Hail. Josphat aliporudi kutoka gereji alikuta Hail imeandikwa “imefika”, akadhani dereva wa alfajiri ameimaliza kabla ya jua na kuifunga mwenyewe, kama wanavyofanya wakati wa joto. Alikuwa na haki ya kudhani hivyo.

Jumatano simu zilianza. Bibi Bakhita naye alipiga, mara ya kwanza tangu nianze kazi pale. “Nasriya mwanangu, nisamehe kukusumbua. Gari limepotea njia? Tangi nikiligonga linalia kama debe. Nna ndoo moja tu.” Ndoo hiyo, nilikuja kujua baadaye, aliigawa: maji ya udhu kwanza, ya mbuzi pili, na yaliyosalia akanywa yeye. Adhuhuri alianguka uani. Jirani alimpeleka hospitali akatiwa maji ya mshipa, na kabla ya magharibi akarudishwa nyumbani. Gari lilikuwa limeshafika. Siku hiyohiyo ndiyo niliyokupigia simu.

Khaloo Yaarub alimwita Josphat asubuhi ya Jumamosi iliyofuata, mlango wazi, madereva wamesimama nje wakingoja karatasi zao.

“Josphat, nyumba kumi na nne zimekunywa hewa siku mbili. Nani kafunga Hail?”

“Bosi, mimi nilikuta imefungwa.”

“F4 ya nani?”

“Ni yangu, bosi. Lakini sikuibonyeza.”

“Basi imejibonyeza yenyewe. Mashallah. Tuiongeze mshahara.”

Madereva walicheka. Josphat pia alicheka kidogo, kwa sababu bosi akitania hakuna budi. Mimi nilikuwa mezani pangu, hatua nne kutoka mlangoni. Niliipanga upya mihuri.

Alipewa barua ya onyo. Niliichapa mimi, kwa Kiarabu, kama ninavyochapa barua zote. Josphat hasomi Kiarabu, basi akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaweka kidole juu ya mstari mmoja. “Hapa wanasema nini?” Nikamwambia wanasema uzembe. “Uzembe ni mimi?” Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akatia sahihi, akaitazama tena ile karatasi. “Imechapwa safi. Hakuna pahali umefuta. Asante, dada.”

Kisha akauliza kama mashine haiwezi kuonyesha F4 ilibonyezwa saa ngapi. Nikamwambia sijui.

Huo ndio uongo wangu, Shangazi. Mengine yote unaweza kuyaita kimya. Nilijua vizuri wapi pa kutazama. Jioni ile walipoondoka nilitazama: saa tatu na dakika arobaini na saba. Kwenye daftari la magari, kwa mwandiko wa Khaloo mwenyewe, Josphat alikuwa gereji tangu saa tatu hadi saa tano. Nilichapa ukurasa ule, nikautia kwenye faili la vyeti vyangu. Ulikaa humo mpaka jana usiku.

Onyo hilo lilikuwa la pili kwake. La kwanza alilipata Februari kwa kuchelewa. Kanuni ya Khaloo ni karatasi mbili, na visa haifanywi upya. Visa ya Josphat inakwisha tarehe kumi na tano Julai. Orodha ya watakaofanyiwa itapelekwa Jumapili hii, tarehe ishirini na tisa, na jina lake halimo. Orodha hiyo nayo nimeichapa mimi. Ana binti, Abigail, anayefanya mtihani wa darasa la nane mwaka huu. Picha yake ameibandika ndani ya mlango wa kabati, upande wake.

Utauliza, na kibodi inaingia wapi? Khaloo hanunui wala haruhusu chombo kipya ofisini bila sababu kwa maandishi, na tarehe, na sahihi. Kwa hiyo nikitaka kuleta kibodi ya vitufe vizito, lazima nieleze vitufe vyepesi vimeniletea madhara gani. Nilipanga kuandika kwamba vitufe vya ofisini ni laini mno, kwamba kidole kikipumzika tu kinabonyea, na kwamba huenda ndivyo Hail ilivyofungwa. Nilipenda lile neno “huenda”. Khaloo angeikasirikia kibodi, Josphat angesamehewa, na mimi ningeonekana karani mwangalifu aliyegundua kasoro. Ndiyo maana nilizingoja swichi zako. Nilitaka vipimo vinisaidie kusema hivyo.

Jumanne nilikuwa peke yangu jikoni, mizani ipo mbele yangu, na nikakumbuka kwamba nilikuwa sijapima mkao wenyewe wa siku ile. Nilikuwa nimepima vidole vilivyotulia, lakini siku ile havikuwa vimetulia. Nilikuwa nimesimama nusu. Nikasogeza kiti mpaka ukutani ili kinibane magoti. Nikainuka, nikaunyoosha mkono wa kulia kama kuna mtu, nikauegemeza wa kushoto juu ya mizani, nikajibu alhamdulillahi mara sita.

Mshale ulipita kilo mbili. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu ulikaribia mbili na nusu.

Nyeusi ni gramu sitini na moja. Kijivu ni themanini na mbili. Hata ungezikusanya zote nne, ukazifunga pamoja, mkono wangu ungezishusha zote na nisingehisi tofauti. Hakuna swichi, wala huko kwenu, wala kwingine, ambayo ingeizuia Hail isifungwe. Vitufe laini vinanisumbua kila siku, hilo ni kweli, na nina karatasi nzima ya makosa madogomadogo ya kuthibitisha. Lakini Jumatatu ile kibodi haikuwa na hatia. Niliiegemea.

Nilikaa nayo hiyo namba mpaka Mama akaja kuuliza wali umefikia wapi.

Ile barua ya “huenda” niliyokwisha kuianza nimeichana. Jana usiku nimeandika nyingine, na leo asubuhi nimeinakili kwa mkono ili nisiichape kwenye mashine ya ofisini. Inasema hivi: Jumatatu, tarehe tisa Juni, saa tatu na dakika arobaini na saba, nilisimama kumwamkia mteja nikaegemea kibodi kwa mkono wa kushoto na kuifunga orodha ya Hail. Josphat hakuwepo ofisini. Niliulizwa na Josphat kama saa inaweza kujulikana, nikasema sijui, na nilikuwa najua. Naomba onyo lake lifutwe na jina lake litiwe kwenye orodha kabla ya Jumapili. Nimeambatanisha ule ukurasa. Habari ya kibodi nimeiweka katika aya ya mwisho, mistari miwili, ili isije ikaonekana kama udhuru.

Nitaitoa Jumamosi saa mbili asubuhi, mkononi mwa Khaloo, kabla madereva hawajaja. Kama wakiwepo nitaitoa vilevile.

Naogopa. Nakuandikia hivi kwa utulivu kwa sababu nimefundishwa kuandika kwa utulivu. Khaloo Yaarub ndiye aliyenipa kazi baada ya mimi kukaa miezi kumi na cheti changu nikibisha kila mlango wa Maskati. Alinichukua bila kunijaribu, kwa heshima ya Mama. Akinifukuza, atakuwa na haki, na Mama hataweza kula nyumbani kwake tena bila kuinamisha uso. Akininyamazia, itakuwa vibaya zaidi, maana nitakuwa pale kila siku. Na Josphat sijui atanitazamaje. Bibi Bakhita nitamwendea mwenyewe Jumamosi jioni. Hilo silo ninaloliogopa sana. Nahofia atanisamehe haraka, halafu aanze kuniuliza hali ya Baba.

Usiniombee kwa Khaloo. Najua mnafahamiana na najua anakusikiliza. Ukimpigia, barua yangu itageuka maombi ya ukoo, na jina la Josphat litasahaulika katikati ya salamu.

Sasa uchaguzi wangu, uliousubiri kwa subira. Naomba swichi nyeusi kwa kibodi yote. Sitaki nyepesi kuliko hiyo, na sitaki yenye kifundo. Vidole vyangu hufika gramu hamsini vikisoma, nyeusi inadai sitini na moja. Hiyo tofauti ya gramu kumi na moja inanitosha kufanya kazi bila kushtuka. Kwa kitufe cha F4 peke yake naomba utie ya kijivu. Najua ya kijivu hutengenezwa kwa kile kitufe kirefu cha nafasi, na wenzako watakucheka karakanani, lakini F4 haipaswi kuwa rahisi kwa yeyote, hata kwa anayetwanga. Kofia zake ziwe na herufi za Kiarabu na za Kilatini, kama ukizipata. Kama huzipati, leta tupu, vidole vyangu vinajua njia.

Na ikiwa baada ya Jumamosi sina tena ofisi, nakuomba uilete vivyo hivyo. Ikae mezani kwa Josphat. Nimeandika hilo pia kwenye mistari ile miwili: kibodi itakuwa ya ofisi, si yangu.

Msalimie sana Ami Thani, na watoto wote kwa majina yao, mdogo umbusu kwa niaba yangu kwenye lile shavu asilopenda kubusiwa. Baba anakusalimu na kukukumbusha miwani uliyomwahidi. Mama anakusalimu bila kujua ninachokuandikia, na kwa hilo namwomba Mungu anisamehe. Mola akuafu goti lako, akuzidishie nguvu za mikono, na akupe majirani wema huko ugenini kama ulivyokuwa jirani mwema huku.

Mimi mwanao nikupendaye, ninayekutegemea kwa siri hii,

Nasriya

Jinsi ya kunipata: Nawar atakuwa amekufikia Jumanne. Usiandike barua, Mama ndiye anayefungua sanduku. Piga kwanza ofisini, namba iko nyuma ya bahasha, saa tatu asubuhi ya kwetu. Usijitambulishe. Akipokea mwanamume mwenye Kiswahili cha Kenya, mwulize tu jina lake na kama bado atakuwepo hapo mwezi ujao. Akisema atakuwepo, mshukuru, kata, kisha unipigie nyumbani baada ya alasiri, wakati Mama amelala. Simu nitapokea mimi, hata kama nitakuwa sina kazi. Nikipokea mimi ile ya ofisini, usiniulize habari zangu. Uliza Josphat yuko wapi, na usikubali nikisema sijui.